Kofia ya Nne ya Bi Shekha

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Shekha Amin, mshona kofia wa Mambrui, aliyetutoka mwezi uliopita, Novemba 1986. Mshona kofia, nasema. Lakini jirani zake watawaambia alikuwa mwenye ramani.

Ramani yenyewe ilitoka wapi? Zamani msafiri mmoja aliugua homa, akauguzwa nyumbani kwa babu yake Bi Shekha hadi akapona. Akaacha shukrani: karatasi ngumu yenye pwani yetu, Ngomeni hadi Malindi, kwa wino wa kahawia. Ikafungiwa sandukuni.

Sasa sikilizeni kosa. Mshona kofia huitoboa nakshi kwenye karatasi kwa sindano, akailaza juu ya kitambaa, akapaka vumbi la mkaa, na nukta zikabaki kwenye kitambaa. Shekha, binti wa miaka kumi na sita, hakuwa na karatasi. Akafungua sanduku. Akauona mstari wa pwani unavyojipinda, akaupenda, akaudunga wote! Pwani ndefu, kichwa kidogo. Akaigawa kwa kofia nne, kwa uzi wa kahawia.

"Baba hakumpiga," asema Mzee Athman, mdogo wake. "Bora angempiga. Aliinua ile karatasi mlangoni, mwanga ukapenya vitundu vyote, kisha akairudisha sandukuni."

Aibu hiyo Bi Shekha aliibeba miaka mingi. Mwaka 1981 akaja mgeni, mpenda ramani kongwe. Alivisikitikia vile vitundu, kisha akaomba aende nayo Malindi kuipiga picha, wiki moja tu. Bi Shekha akamfungia kwenye leso. Wiki ikawa miezi. Leso ilirudi. Ramani haikurudi.

"Tulidhani atalia," asema Mzee Athman. "Akanitazama kichwani. 'Athman, hebu vua hiyo kofia.'"

Ilikuwa mojawapo ya zile nne, kofia yake ya Idd. Bi Shekha akaitandaza juu ya karatasi mpya, akaufuata uzi wake mwenyewe kwa sindano. Ngomeni ikarudi. Kosa lile lile likawa dawa, na kwa kweli alifurahi kama mtoto. Kofia ya pili ilipatikana Gongoni, kwa mzee wa mashamba ya chumvi. Ya tatu ilikuwa imefunika mtungi wa asali Kakuyuni, kwa Mama Sidi, ambaye hakuiachia mpaka akashonewa nyingine.

Ikabaki moja. Kofia ya nne ina mlango wa mto Sabaki, nayo iliuzwa sokoni Malindi kwa mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Miaka mitano Bi Shekha aliitafuta. Mto ule huhama kila gharika. Alitaka kujua zamani ulimwagikia wapi.

Bintiye, Tumu, alikuwa naye siku ya mwisho. "Aliniuliza, 'Kofia ya Sabaki imekuja?' Nikamwambia bado, mama. Akasema, 'Basi pahali pake pawe wazi. Msibuni.'"

Mzee Athman, Bi Tumu, na jamaa wote wa Mambrui, poleni sana. Mungu awape subira, naye amrehemu marehemu. Ramani mpya iko ukutani kwao, na pengo lake.

Nasi wengine tufikiri tunavaa nini bila kukitazama. Kama baba alikuachia kofia kuukuu, yenye mstari mmoja wa kahawia unaojipinda na ambao mwisho wake haukutani na mwanzo, usiifue kwanza. Ipeleke Mambrui, umuulize Bi Tumu.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, vueni kofia.