Boksi Lisilo na Nukta Nyekundu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda, Ndugu Ban. Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Ndugu wageni waalikwa mliotoka hospitali ya mkoa. Wenzangu wa chumba cha ukaguzi, ambao leo nimeziona nywele zenu bila kofia za kazi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Na wewe, Fundi Luan Shufen, uliyekaa hapo mbele ukijifanya husikii: nawasalimu nyote.

Mimi ni Chu Yanping, wa meza ya nne. Shule niliishia darasa la tisa, na hotuba sijawahi kutoa. Nilipomwambia Fundi kwamba nimechaguliwa mimi kumuaga, alinijibu, "Sema kifupi, mwanangu. Watu wana njaa." Nitajaribu, Fundi. Lakini miaka thelathini na tatu haienei kwenye bakuli moja.

Fundi Luan aliingia hapa wakati dawa yetu, huu ute mzito na mwangavu unaoingizwa ndani ya jicho linapopasuliwa, bado inakamuliwa kutoka kwenye vilemba vya majogoo. Kila asubuhi lilikuja lori la ndoo, na ndani ya ndoo vilemba vyekundu kama maua yaliyochumwa, naye kazi yake ilikuwa kuviosha kwa maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wale wa kwetu walifika mjini bila hata shingo ya kuwikia, na bado waliwapambazulia watu ambao hawakuwahi kuwaona. Siku hizi ute unazaliwa kwenye matangi, majogoo wamepumzika, na Fundi akahamia kwenye meza ya taa.

Ninyi wageni hamjawahi kuingia chumba kile. Kuna taa, na nyuma ya taa ubao, nusu mweusi, nusu mweupe. Unaishika sindano ya kioo yenye ute, unaiinamisha polepole mbele ya weusi, kisha mbele ya weupe. Punje nyeupe hujificha kwenye weupe, punje nyeusi hujificha kwenye weusi, kwa hiyo lazima upite kote. Kama kuna kiputo, kinapanda ndani ya ute taratibu, kama samaki anayeota ndoto. Kila baada ya dakika ishirini tunaacha, tunatazama miti ya nje ili macho yapumzike. Wakati mwingine, nikitazama miti ile, nahisi chumba kizima kimetumbukizwa ndani ya ute, nasi tunaelea humo, na hakuna kinachoweza kutuumiza.

Nani aliyenifundisha hayo? Yeye. Na nani aliyenifundisha kwamba sikuyajua? Yeye pia.

Miaka minne iliyopita nilimzaa binti yangu, Maimiao. Kwenye sherehe yake ya kutimiza siku mia Fundi alikuja na mayai mekundu ya heri, akaomba kumbeba mtoto. Alisimama naye dirishani. Nikamwona anakiinamisha kichwa cha mwanangu polepole, kwanza mbele ya koti lake jeusi, kisha mbele ya ukuta mweupe. Mwendo ule niliujua. Chumbani kwetu, mtu akiona punje hasemi. Anaiweka sindano kwenye trei nyekundu, mkono wa kushoto. Fundi hakuwa na trei. Alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, na hakumshusha tena.

Ndugu zangu, mimi niliyekuwa nikikagua sindano elfu moja kwa siku, siku mia nzima nilimtazama mwanangu nikaona uzuri tu. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Daktari alisema apasuliwe mapema, maana jicho lisilopata mwanga utotoni husahau kuona. Mama mkwe wangu, ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa kusimulia, hakukubali. Jioni moja Fundi alikuwa mgeni wetu mezani.

"Mtoto mchanga akatwe macho? Subirini kwanza atembee."

"Mama," Fundi akamwambia, "akisubiri mpaka atembee, atatembea akipapasa."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi mkaguzi tu. Lakini najua kinachoingia humo ndani." Akaweka bakuli lake chini. "Jicho likitobolewa hulegea, kama hema lililong'olewa nguzo. Kwa hiyo daktari anaingiza ute kwanza. Ute unalisimamisha hema, halafu unalala juu ya ile ngozi ya ndani ambayo ikichubuka haioti tena, kama shuka juu ya mtoto aliyelala. Kazi ikiisha wanaufyonza wote, maana ukibaki presha ya jicho inapanda. Unakuja, unalinda, unaondoka."

Mama mkwe akafikiri. "Na nani anahakikisha huo ute ni msafi?"

Fundi akaninyooshea kijiti chake cha kulia. "Huyu hapa. Mkwe wako, anayekuunguzia wali kila siku."

Mama mkwe akacheka, na kwenye kicheko hicho akakubali. Nilirudi kazini wiki mbili kabla ya siku ya Maimiao kupasuliwa, na neno lile likawa linakaa nami mezani: huyu hapa. Nikaanza kuitafuta sindano ya mwanangu. Siku ya tatu niliipata, safi kama maji ya kisima. Boksi lake lilipokuja kupangwa, nikachukua kalamu ya kuandikia kasoro, nikatia nukta nyekundu pembeni, ili nimwombe daktari alitafute.

Fundi aliiona kabla wino haujakauka.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilidhani maelezo hayo yametosha. Akasoma namba ya shehena, akanitazama. "Hili linakwenda kusini, mwisho wa reli. Maimiao atapandishwa treni alifuate boksi?"

Wenzangu walicheka nyuma ya barakoa. Yeye hakucheka. Aliniondoa mezani, akakaa yeye, na mapumziko yote ya chakula alizirudia sindano zangu za asubuhi ile, moja moja. Karibu na mwisho akasimamisha moja mbele ya weusi. Ndani yake kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Niliipitisha mimi.

"Na hii," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ni ya mtoto wa nani?"

Niliiweka mwenyewe kwenye trei nyekundu. Tangu siku ile sijawahi kumchagulia mtu sindano. Maimiao alipasuliwa kwa ute ambao sijui ulipita mkono wa nani. Leo anavaa miwani minene kama kitako cha chupa, na Mheshimiwa Mkurugenzi, niwie radhi, hapo ulipo anahesabu vifungo vya koti lako.

Sasa nije kwenye sababu ya kuagana. Mwezi uliopita, miti ya barabarani ilipokuwa inamwaga mbegu zake zenye manyoya kama pamba, Fundi alianza kuzikataa sindano. Trei yake nyekundu ikajaa. Kila ute aliuona una ukungu. Akausimamisha mstari mzima wa uzalishaji nusu siku, maabara wakapima, wakarudi wakisema ute ni safi. Wengine wangebishana. Yeye aliinua uso, akautazama ukuta mweupe muda mrefu, kisha akaenda mwenyewe ofisini kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, akasema maneno manne: "Ukungu uko kwangu mimi."

Ni wangapi kati yetu wanaweza kusema hivyo?

Fundi, wiki ijayo utalala kwenye kitanda kile kile cha hospitali ya mkoa alicholala Maimiao. Umekaa hapo unatabasamu, lakini nimeuona mkono wako ukipapasa kikombe. Unaogopa. Macho yako ndiyo yaliyokuwa kazi yako na jina lako, na hata mimi naogopa kwa ajili yako. Shehena inayokwenda hospitali hiyo ilipita mezani kwangu juzi. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Niliishika, sitadanganya.

Kisha nikairudisha. Nikazikagua zote, mbele ya weusi na mbele ya weupe, na kila moja niliishika kana kwamba ndiyo yako. Nimekataa tatu. Hakuna boksi lenye nukta, Fundi. Daktari achukue lolote.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu wageni, nawashukuru kwa kumpa Fundi siku hii, na hospitali ya mkoa naishukuru kwa macho ya mwanangu, na kwa yale yatakayofuata. Asanteni nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Njaa yenu nimeisikia.

Kwetu anayeondoka hulishwa jiaozi, zile kama sambusa ndogo za kuchemsha, na anayefika hupikiwa tambi. Leo, Fundi, ni jiaozi, na Maimiao amezifinya mwenyewe, zilizopinda ni zake. Tambi ninazo nyumbani, sijazichemsha. Nitazileta asubuhi ile watakapokufungua bandeji, na utazitazama uniambie wewe mwenyewe kama nimeziunguza.