Silvana Ignasi, Mwalimu wa Kisomo wa Mwazye

Ndugu, majirani na wanakijiji wenzetu, haya ni maisha ya Silvana kama yalivyoandikwa na mama yake, Klementina. Anayesoma ni mjomba wake, Modesti.

Marehemu Silvana Ignasi alizaliwa hapa Mwazye tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Ignasi na Klementina. Alianza shule hapahapa mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967.

Mwaka 1970 kijiji kilimchagua kuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mama yake alikuwa mwanafunzi wake, benchi la nyuma. Darasani hakumwita mama. Alisema, "Klementina, njoo ubaoni," na wanawake wakacheka mpaka chaki ikamponyoka mwanafunzi huyo. Jioni Silvana alipiga magoti jikoni akamwomba mama yake radhi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1972. Kwenye shamba la kijiji, wenzake wakifukia nyasi kwenye matuta, yeye alisimama kila tuta la tatu, ameegemea jembe.

"Mwalimu, hilo jembe, siyo chaki!" walimtania.

"Nalipumzisha, jamani. Limeamka mapema kuliko ninyi."

Alicheka, lakini midomo ilikuwa imegeuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Mama yake aliiona. Silvana alichomwa sindano za kifua kikuu miezi mingi, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Dominiko, karani wa ghala bandarini Kasanga, akashuka naye ziwani. Mwaka jana walimpata binti yao, Marsiana. Kutoka huko Silvana aliandika: "Mama, huku nachota maji bila kusimama njiani." Mama yake aliisoma barua hiyo mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka huu dereva mmoja alileta habari kwamba Silvana amekonda na miguu imevimba. Huku juu tunaamini joto la ziwani huharibu kifua, na baridi ya Ufipa hukiponya. Mama yake akashika kalamu. Hakuwa amewahi kuandika barua maishani. Aliandika: "Rudi nyumbani upone."

Silvana alipanda kuja huku tarehe 9 Juni. Baada ya wiki mbili hakuweza kuvuka uwanja.

Tarehe 12 Julai daktari mjini Sumbawanga alimpiga picha ya kifua. Alisema mapafu yamejaa vitundu, ugonjwa adimu ambao yeye alikuwa ameusoma vitabuni tu. Damu ilipita humo kwa shida, presha ikawa imepanda ndani ya mapafu yenyewe, na moyo umesukuma mpaka umechoka.

"Hewa ya huku juu haimtoshi," alisema. "Mrudisheni ziwani upesi. Kupona hatapona, ila atapumua."

Mama yake akauliza, "Na baridi, daktari? Si dawa?"

"Hapana, mama. Inambana zaidi."

Walikaa Mazwi, mtaa wa mjini humo, nyumbani kwa Modesti, kusubiri lori la Mzee Mwinjuma, ambalo lingeshuka Kasanga Jumamosi ya wiki iliyofuata. Silvana alifariki Alhamisi, tarehe 22 Julai 1976, saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi, kwa kuwa kulala kulimkata pumzi. Lori hilohilo ndilo limemleta hapa leo.

Chini ya mto wake ilikutwa ile barua ya mama yake. Pembeni alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Dominiko anasema alimsihi mkewe asipande, naye akamjibu, "Mama ameandika kwa mkono wake. Nisipokwenda, atadhani haisomeki."

Silvana ameacha mume, Dominiko. Binti, Marsiana, wa mwaka mmoja. Baba yake, Ignasi. Mama yake, Klementina. Wadogo zake, Leonsi na Fransiska. Na watu wazima thelathini na mmoja wa kijiji hiki wanaojua kusoma na kuandika.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali ambapo pumzi inamtosha.