Wali wa Mirihi

Funga huo mlango, Nirmalya, na wewe Ketaki acha kunifuta jasho, keti hapa nikuone uso. Gari la hospitali linakuja saa kumi na moja, na nikishaingizwa humo daktari atanichoma sindano ya kunilaza, na nani ajuaye kama nitaamka nikiwa na ulimi wa kusema. Msiniambie nipumzike. Nimepumzika miaka sitini na saba juu ya jambo hili, wanangu, na leo nimetuma mtu akamwite mjomba wenu Phoni, naye atafika wakati wowote. Nataka mlijue kabla hajafika, halafu nilirudie mbele yake, maana najijua. Nikimwona tu, ujasiri utanitoka.

Mnamjua mjomba wenu kama karani mstaafu wa kiwanda cha magunia, mzee asiyeoa, anayekuja siku ya sikukuu na paketi yake ndogo ya vitamu vya maziwa, sarpuria, anakaa karibu na mlango, anaondoka kabla watu hawajamaliza chai. Na mnajua lile jina alilobandikwa, mwizi wa insha. Nirmalya, ulikuwa na miaka tisa ulipomwambia, mbele ya wageni, "Mjomba, usikae karibu na daftari langu, utanakili." Watu wote walicheka. Mimi pia nilicheka. Hicho kicheko changu ndicho kinachonikaba sasa, kuliko huu moyo.

Sikilizeni, basi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka uliofuata ule Warusi waliporusha kile chombo chao cha kwanza angani, na kila mvulana hapa Krishnanagar alikuwa amejenga roketi ya kopo. Baba alikuwa akimnunulia Kaka, huyo mjomba wenu Phoni, jarida la Akashrath kila mwezi. Juu kabisa, chini ya jina, liliandikwa: kwa wavulana wenye bongo. Kaka alikuwa akilifungua, anatazama picha, anakwenda kucheza mpira. Mimi nililisoma juu ya paa, nyuma ya nguo zilizoanikwa, mpaka herufi zikaanza kufutika. Jaridani mlikuwa na hadithi ya mfululizo ya Kapteni Ranajit na vijana wake watano waliokwenda Mirihi. Mwanamke alikuwemo mmoja tu, mama yake Kapteni. Sura ya kwanza anafunga chakula, sura ya mwisho analia. Nami sikumtaka yule. Nilijiweka kuwa kijana wa sita, fundi wa mitambo, ambaye mwandishi alimsahau. Kila chombo kilipoharibika, mimi ndiye niliyekitengeneza usiku, wao wakiwa wamelala, na asubuhi wakadhani kimepona chenyewe.

Sasa, mwezi mmoja wale vijana wakatua Mirihi, wakawasha moto nje, wakapika wali kwenye sufuria isiyo na mfuniko, wakala. Nikakasirika. Kwa sababu nilikuwa nimekaa kwa shangazi yetu kule Darjeeling, nikapewa kazi ya kuchochea dengu, na dengu zile ziligoma kuiva asubuhi nzima, maji yanatokota lakini ndani ni kokoto. Mwalimu akanieleza kwamba kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ikiwa Darjeeling ni hivyo, je, Mirihi? Wale vijana wangetafuna mchele mbichi! Nikamwandikia mhariri barua ya kurasa sita, na michoro ya sufuria yenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu. Chini nikatia jina la Kaka, Phanindra Sarkar, kwa kuwa hawakupokea barua za wasichana, na kwa kuwa Baba aliwahi kusema msichana anayeandikia watu asiowajua hana haja ya kuendelea na shule.

Wakati ule ule jarida lilikuwa na shindano la insha. Wakaichukua barua yangu wakaiingiza. Ikashinda.

Ni saa ngapi? Kumi kasoro? Bado hajaja? Chungulia dirishani, Ketaki. Haya, rudi.

Mshindi aliitwa Kolkata, kwenye ukumbi, asome insha yake mbele ya wasomaji wote. Kaka alipoiona ile barua ya mwaliko alinifuata juu ya paa. "Labu, umenifanyia nini? Mimi na Mirihi wapi na wapi?" Nikamshika miguu. Nikamwambia ni kusoma tu, nitakufundisha, utasoma na kushuka. Alikuwa na miaka kumi na saba, anajiandaa kuingia chuo cha uhandisi, na alikuwa hodari, msije mkadhani hakuwa hodari. Hesabu alizimeza kama maji. Ila jikoni hakuwahi kuingia. Akakubali kwa ajili yangu, na kwa wiki tatu nikamfundisha kila neno.

Tulikwenda na Baba, na mkuu wa shule yake naye akaja kwa fahari. Wanawake tulikaa safu ya nyuma, kina mama na dada. Kaka alisoma vizuri sana. Makofi. Halafu bwana mhariri, mzee mpole mwenye miwani, akamwuliza kwa kupenda tu: "Phanindra, mwanangu, hebu waeleze wenzako kwa maneno yako. Hilo la dengu za Darjeeling lilikujaje?"

Nikamwona Kaka akinitafuta kwa macho katika umati. Mhariri akamrahisishia: "Kwa nini haziivi?" Akasema, "Kwa sababu ya... baridi, bwana." Mvulana mmoja akacheka. Mwingine akapaza sauti, "Nani kakuandikia?" Na mwingine, "Mwizi! Mshusheni!" Basi ukumbi mzima ukawa unagonga viti.

Mimi nilikuwa nimekaa. Nakala ya insha iko mapajani mwangu, kwa mwandiko wangu. Pembeni yangu alikuwapo msichana mwenye kaptula za kaka yake chini ya sari, ndiyo, baadaye nilijua alizivaa ili aweze kupanda kuta, akaruka akasimama juu ya kiti: "Si baridi! Ni hewa! Hewa ikiwa nyepesi maji yanachemka upesi mno! Kila mwanamke anayepika mlimani anajua!" Wakaja mabwana wawili kumtoa. "Binti, hapa si mahali pako." Akapita mbele yangu wakimvuta, akaona zile karatasi, akanikazia macho. "Ni yako, eti?" Nikatikisa kichwa kukataa. Nikazigeuza karatasi chini. Hivyo tu, wanangu. Neno moja lingetosha, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Tulipofika uani kwetu nikamwambia Kaka, nakwenda kumweleza Baba sasa hivi. Akanishika mkono mpaka ukauma. "Nyamaza. Ukisema watakutoa shule wiki hii, wakuoze mwezi ujao. Mimi ni mwanaume, hili litanipita." Nami, kwa kuwa nilitaka kusikia hivyo, nikanyamaza.

Halikumpita. Mkuu wa shule alimwandikia katika hati yake kwamba si mwaminifu. Chuo kikamkataa, na kingine kikamkataa. Akaenda kuhesabu magunia. Mimi nikamaliza shule, nikaenda chuo kikuu, nikafundisha fizikia shule ya wasichana miaka thelathini na moja, mnayaona mashada ya maua wanafunzi wangu wanayoleta. Kila darasa nililosimama mbele yake, kwa haki lilikuwa la Kaka. Na badala ya kumshukuru, nikaanza kumchukia. Ndiyo, Ketaki, usishangae. Kumwona kulinichoma, basi nikamfanya asionekane. Kwenye harusi yako nilimkalisha nyuma, karibu na wapishi.

Maji. Kidogo. Inatosha.

Yule msichana wa ukumbini, Mrinmoyee Lahiri, alinipata baada ya miaka miwili kwa anwani ya Kaka iliyochapishwa jaridani. Barua yake ilianza: "Mimi ndiye niliyetolewa badala yako." Tukawa marafiki, na kupitia kwake nikajua tulikuwa wasichana tisa, wa miji ya Barasat, Siliguri, mpaka Cooch Behar, wote tunasoma Akashrath kwa majina ya kaka zetu. Tulizungusha daftari kwa posta, kila mmoja anaongeza sura ya Kapteni Ranajit, na vijana wake walizidi kuwa wasichana mpaka Kapteni mwenyewe akabaki peke yake. Sijawahi kucheka vile tena. Lakini katika kila barua Mrinmoyee aliuliza, "Umekwisha kumsafisha kaka yako?" Alifariki mwaka juzi akiuliza.

Sasa pumzi inaniishia, nisikilizeni haraka. Chumba cha juu, kinachotazama mto Jalangi, ni cha Phoni mpaka mwisho wake. Mhamisheni kutoka kile kibanda chake, msimwulize kama anataka, atasema hapana. Sanduku la bati chini ya kitanda, majarida yote na daftari letu, ni la Jhinuk, mjukuu wangu. Nirmalya, mwezi uliopita nilikusikia ukimwambia binti yako aache kuchora vyombo vya anga, hayo ni mambo ya wavulana, achukue muziki. Nilikuwa chumba cha pili na nilishindwa kuinuka. Mwache achore. Na atie jina lake chini, kubwa. Nakuapisha kwa hilo. Na kuna barua ndani ya foronya ya mto wangu, nimewaandikia wote wa familia kueleza nani aliiandika insha. Isomeni siku ya shughuli ya maziko yangu, mbele ya kila aliyecheka, wala msinipambe kwa sifa.

Ni yeye? Ni yeye anayepanda ngazi? Msiondoke. Nishike hapa, Ketaki, niinue.

Kaka. Kaa. Si hapo mlangoni, hapa. Nimewaambia. Yote, ya ukumbi, ya Baba, ya... Usinikatize. Eti ni mambo ya zamani! Basi mbona unalia, mzee mzima? Mimi ndiye niliyeandika. Watoto, mmesikia? Mimi, si yeye, na hakuiba. Nirmalya, iname umguse miguu mjomba wako, umwombe radhi. Ketaki, na wewe. Sioni vizuri... wameinama, Kaka? Basi wawekee mkono kichwani. Wanangu, Mungu awape umri, awape... mdomo wa kusema mapema. Nimechoka.

Na mimi, Kaka. Nami ni mdogo wako. Kichwani. Hapo. Acha hapo hapo.