Clotilda Bernardo, Fundi wa Pampu Aliyefundisha Vyuo Vikuu Vitatu

Ndugu waombolezaji, mama tuliyemsindikiza leo, Jumatano tarehe 5 Septemba 2018, hapa nyumbani kwake Nyabusozi, wengi wenu mlimwita Mama Pampu. Jina lake la ubatizo ni Clotilda. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 katika kijiji cha Nyakahura, wilayani Biharamulo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bernardo na Mama Scolastica, wakulima waliokuwa na ng'ombe wachache na watoto wengi.

Alisoma Shule ya Msingi Nyakahura kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akamaliza darasa la saba. Nafasi ya sekondari hakuipata. Siku moja akiwa darasa la tano, katekista alifika kwao kunywa chai, akaegesha baiskeli uani. Clotilda alitaka kujua ni kitu gani kinachotatarika ndani ya gurudumu la nyuma. Katekista alipotoka alikuta vyuma vyote vimepangwa juu ya gunia. Mzee Bernardo akaokota fimbo, lakini katekista akamzuia: "Mwache kwanza amalize." Akamaliza. Zilibaki gololi mbili ambazo hakujua pa kuzirudisha, na bado baiskeli ile ilifika Biharamulo mjini na kurudi bila matata.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa takatifu na Celestini Laurian wa Nyabusozi. Mungu aliwajalia watoto wanne, na mmoja wao, Bernardo mdogo, alitangulia mbele ya haki mwaka 1991. Mwaka 1985 katekista yuleyule alimwombea Clotilda nafasi katika mafunzo ya mafundi wa maji wa vijiji. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, mwanamke akiwa yeye peke yake, tena na Yohanes, mtoto wake wa kwanza, mgongoni. Aliporudi akawa anashinda visimani, na mumewe ndiye aliyepika na kuogesha watoto. Wenzake walipomcheka kilabuni, Mzee Celestini aliwajibu, "Nyie mkinywa maji yake, mnauliza nani kapika kwangu?"

Mwaka 1994 watu waliokimbia vita walivuka mpaka kwa maelfu wakaingia Ngara, na shirika moja la maji likatafuta mafundi. Clotilda alikwenda kambi ya wakimbizi ya Benaco akiwa na begi moja la spana. Alikuta foleni za ndoo ambazo mwisho wake hauonekani. Ndani ya mpini wa pampu ya mkono kuna pete ndogo ya plastiki ambayo mafundi huiita bushi. Mpini huzungukia hapo, na bushi ikilika, mpini hulegea, kisha pampu hufa. Kijijini bushi moja ilimaliza mwaka. Kambini ilimaliza wiki tano. Alimuuliza mhandisi kwa nini baadhi ya bushi zinakufa mapema kuliko nyingine, na mhandisi akamjibu kwamba ndivyo zilivyo. Jibu hilo halikumtosha. Tangu siku hiyo kila bushi aliyoitoa aliifunga kwenye karatasi na kuandika pampu iliyotoka, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kutolewa, na kama maji ya pale yana mchanga au kutu. Aliendelea hivyo kambi zilipofungwa, akizunguka vijiji vya Ngara na Biharamulo kwa baiskeli. Magunia yalijaa stoo. Wanawe waliomba wayachome, akawaambia watakaoanza kuchoma wachome kwanza kitanda chake.

Wakimbizi walipoanza tena kuingia mwaka 2015, pampu za mpakani zilielemewa upya, na vipuri kutoka nje vilichukua miezi kufika. Mwezi Septemba mwaka uliofuata ilisimama nyumbani hapa gari lenye wageni. Aliyetangulia kushuka alikuwa Dokta Swabaha Haji, mhadhiri wa uhandisi, mzaliwa wa Biharamulo mjini, ambaye babu yake aliuza vitambaa pale sokoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pampu gani imekufa?"

Dokta Swabaha akacheka, akaeleza. Vyuo vikuu vitatu, cha kwao hapa nchini, kimoja cha Uholanzi na kimoja cha Afrika Kusini, vilikuwa vimeungana kukuza wataalamu wa malighafi za mashine mpya: mashine zinazochapa vitu badala ya maandishi, tabaka juu ya tabaka, kutokana na unyuzi wa plastiki ulioyeyushwa. Mashine walikuwa nazo. Walichokosa ni ujuzi wa plastiki ipi itastahimili kazi ipi, katika vumbi na jua la huku. Walitaka kuanza na kitu kidogo chenye manufaa, na kila ofisi ya maji waliyoingia iliwaelekeza kwa Mama Pampu.

Clotilda akawafungulia stoo. Walihesabu bushi mia sita na kumi na moja. Dokta Swabaha alikaa chini kwenye udongo na gauni lake safi, akafungua karatasi moja baada ya nyingine.

"Mama, unajua hizi ni takwimu za miaka ishirini na miwili? Hakuna chuo duniani chenye kitu kama hiki."

"Takwimu sizijui," akasema Clotilda. "Ila najua zote zinaliwa upande mmoja. Tazama."

Karakana ilifunguliwa Biharamulo mjini, na mkataba wa vyuo ukaandikwa kwamba hakuna bushi itakayotangazwa kuwa nzuri bila sahihi ya fundi wa eneo. Fundi huyo alikuwa Clotilda. Bushi za kwanza za nailoni zilifungwa Februari 2017, na baada ya wiki sita zilikuwa bado nzima. Profesa Marijke kutoka Uholanzi, kiongozi wa mradi, akaleta karatasi. Ripoti ilikuwa inasubiriwa na wafadhili, na bila ripoti mradi ungeweza kusimama. Clotilda akakataa kutia sahihi.

"Sasa ni masika," akamwambia, Dokta Swabaha akitafsiri. "Watu wanakinga maji ya paa. Pampu imelala. Subirini Julai."

"Tukisubiri hadi Julai tunaweza kukosa mradi, mama," akasema Profesa Marijke.

"Na nikitia sahihi leo, Julai watu watakosa maji."

Walisubiri, na hawakusubiri kwa furaha. Siku kadhaa hakuna aliyemsemesha pale karakana zaidi ya salamu. Julai ilipofika, bushi mpya ilifungwa kwenye pampu ya kituo kimoja cha kupokelea wakimbizi wilayani Ngara, inayosukumwa tangu alfajiri hadi giza. Siku ya kumi na tisa ilipasuka. Clotilda alifika na kuwakuta wanawake wamerudi kuchota bondeni. Mama mmoja, aliyekuwa amevuka mpaka wiki ile ile akiwa na pacha wachanga, alimwambia mbele ya watu, "Umekuja kutujaribia vitu vyako sisi?" Clotilda alikubali kosa na kuomba radhi. Akafunga bushi ya kiwandani, ya mwisho aliyokuwa nayo, akarudi nyumbani na kukaa siku mbili bila kugusa spana. Kwa wanaomjua, huo ulikuwa ugonjwa.

Siku ya tatu alipanda basi kwenda mjini, akavuta kigoda mbele ya mashine ile inayochapa, akakaa kutwa nzima anaitazama. Wanafunzi walimpisha wakidhani amekasirika. Saa tisa alasiri akamwita Dokta Swabaha.

"Njoo usikilize. Unasikia inavyotatarika?"

"Nasikia. Huwa inafanya hivyo."

"Inalia kama kuni mbichi. Plastiki yenu imelowa."

Wakapima. Ilikuwa kweli: nailoni hunywa unyevu wa hewa kama chumvi, na rola za unyuzi zilikuwa zimekaa wazi tangu masika. Maji yakichemka ndani ya mashine huacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na bushi hupasukia hapo. Profesa Marijke aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, kisha akasimama na kumpa Clotilda mkono mbele ya wanafunzi wote. Walitengeneza sanduku la kukaushia unyuzi. Wakaongeza unene upande ule unaoliwa, kama bushi za kwenye magunia zilivyowaonyesha.

Tarehe 3 Oktoba 2017 bushi mpya ilifungwa kwenye pampu ileile iliyomwaibisha. Aliomba iwe hapo.

Mwezi uliofuata alianza kulalamikia tumbo. Hospitali ya Biharamulo ilimpa rufaa kwenda Mwanza, na huko ikabainika ni saratani. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi. Mei mwaka huu wanafunzi kumi na saba wa shahada ya uzamili, kutoka nchi tatu, walikaa kwenye mikeka hapa uani siku tano. Mwanamke wa darasa la saba aliwafundisha kusoma bushi iliyokufa: hii imekula mchanga, hii imekula kutu, hii fundi aliikaza mno. Wengine walikuwa wanaandika bila kuinua kichwa. Siku ya mwisho alishindwa kusimama, akafundisha akiwa amelala ubavu, na hakuna aliyeondoka.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 2018, baada ya siku mia tatu na kumi na mbili, pampu ilifunguliwa. Bushi ya kiwandani mahali pale haikuwahi kupita siku mia moja na arobaini. Dokta Swabaha aliileta bushi hiyo mwenyewe hadi kitandani. Clotilda aliipitisha kwenye kidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaulizia mpini kama ulikuwa umelegea. Haukulegea. Akaomba kalamu.

Mzee Celestini alimshikia karatasi ya mradi. Clotilda akaandika jina lake lote, taratibu, halafu akasema, "Haya, Baba Yohanes, waambie wachape nyingi." Uani vigelegele vilianzia kwa mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na sita, vikaenda nyumba hadi nyumba. Leo bushi hizo zinachapwa Biharamulo na vijana wa Biharamulo na Ngara, na ziko kwenye pampu arobaini na tatu. Vyuo vyote vitatu vinafundisha kwa magunia yale. Yameandikwa jina lake.

Clotilda alifariki dunia Jumapili tarehe 2 Septemba 2018, saa mbili asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mume, Mzee Celestini Laurian, watoto watatu, Yohanes, Restituta na Philbert, wajukuu saba, mama mkwe, kaka wawili na dada mmoja, na mafundi pampu tisa aliowafundisha kwa mkono wake, wanne kati yao wanawake. Familia inamshukuru kila aliyemuuguza, na wale waliotoka mbali kuja kumzika.

Mwenyezi Mungu ampe raha inayomstahili mtu aliyechoka kwa kazi njema. Amina.