Kipande cha Sabuni cha Bibiana

Sogeeni, wanangu, nyie wote watatu, na wewe Krispini acha kutazama mlango, mama yenu Bibiana bado yuko jikoni, na haya nataka niyaseme kabla hajaingia, kwa sababu mbele yake ulimi wangu ni mzito tangu mwaka wa hamsini na mbili.

Mali ni ndogo, haitatuchelewesha. Baiskeli chukua wewe, Krispini. Evodi, nyumba hii ya Shanwe ni yako, na bati la upande wa stoo linavuja, usije ukasema sikukwambia. Kasilda, cherehani. Ila shamba la bondeni kule Kakese silo langu kugawa: ni la mama yenu, alilifyeka yeye na kulilima yeye, na baba yenu mdogo Ponsian akija na maneno ya ukoo, mwambieni kaka yake amekiri, akili zake zikiwa timamu, kwamba jembe la pale alilishika siku mbili tu.

Nipeni maji kidogo. Basi.

Mlikuwa wadogo nilipopata ukarani kwenye mgodi wa madini ya risasi. Nilivaa soksi ndefu na kuweka kalamu mbili mfukoni, moja haikuwa na wino. Kutwa nzima nilifokewa na mzungu wa stoo, nami nikawafokea wapagazi, na jioni nilirudi shingo imekakamaa kama nimebeba gunia. Mama yenu alikuwa ameloweka nsansa, yale majani ya kunde anayoyachemsha na kuyaanika juani mpaka yanakuwa meusi, kisha anayapika polepole na karanga alizotwanga mwenyewe, na ugali wa mtama pembeni. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka, na tonge la tatu likishuka, yule mzungu alikuwa ameshatoka kichwani mwangu. Sijapata dawa nyingine kama ile.

Jioni moja akaingia Rafaeli, karani mwenzangu aliyeletwa kutoka Tanga, bila kubisha hodi. Akamkuta mama yenu amepiga magoti ananinawisha mikono, kama mke wa kwetu Usevya anavyomnawisha mumewe. Yeye hakuijua heshima hiyo. Akachungulia bakuli, akacheka, "Karani mzima unakula majani makavu! Na huyu mpishi wako umemtoa wapi?"

Nikajibu, "Usevya."

Neno moja tu, wanangu, na hata halikuwa uongo. Miaka saba nimejitetea kwa hilo, kwamba halikuwa uongo.

Rafaeli akasema, "Basi niazime huyo Jumamosi, nambatiza mtoto." Nikamwazima. Nilimwazimisha mama yenu kama mtu anavyoazimisha sufuria. Nami nilialikwa, nikakaa mezani na makarani, na ilipofika zamu yangu ya kunawa alikuja na beseni, akapiga magoti mbele yangu kama kawaida yake, akasema, "Karibu, bwana." Nikatazama ukutani.

Jioni alirudi na kipande cha sabuni alichopewa kwa kazi yake. Akakiweka mezani. "Bwana, mshahara wangu huu." Tangu siku hiyo hajaniita Baba Evodi tena, na nsansa hakupika tena. Kila jioni wali na nyama, chakula cha makarani, na mimi nikala, nikasifu, shingo imekakamaa vilevile. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini mama anamwita baba bwana. Niliwajibu kuwa ni adabu.

Sabuni ile iko kwenye sanduku lake, chini ya kanga ya harusi, haijaguswa. Nikifa mnioshe kwa hiyo. Msinichinjie ng'ombe. Watakaokuja msibani mwombeni mama yenu awapikie nsansa, na Rafaeli akija mwambieni nani ameipika, na ni nani kwangu.

Evodi, fungua dirisha. Hiyo harufu... ni karanga hiyo? Kasilda, wewe ulimwomba? Hukumwomba. Basi ameipika mwenyewe.

Nimechoka, sauti inaniishia. Anakuja, nasikia beseni. Asipige magoti, mmesikia? Mshikeni mikono, asipige. Mungu awalinde, awape nyumba ambamo mnaweza kuvua viatu... na mtu akiuliza huyu ni nani, mjibu upesi.

Krispini, shika huku. Evodi, miguu. Nishusheni kutoka kitandani. Taratibu. Nataka magoti yangu yafike chini kabla ya yake.

Mke wangu. Mama Evodi. Leta hayo maji, nikunawishe.