Mshahara wa Mgodini na Zamu ya Maji

Nolfa mwanangu, zima jiko uje ukae, na wewe Danitza, mjukuu wangu, sogeza kiti karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki mbali tena na mashine hii ya oksijeni inanguruma kunishinda. Nina maneno ya kuwaachia, na nataka kuyasema leo, akili zikiwa bado zangu na upepo wa mji huu wa Calama ukiwa umetuacha kidogo. Msinikatize, nikinyamaza mjue navuta pumzi tu.

Nyumba hii ni ya Nolfa. Vile vyumba vya uani vipangishwe kwa wachimbaji wa zamu, na walipe kabla hawajaweka mabegi chini. Danitza simwachii hapa hata tofali, na asidhani simpendi. Sababu yake nitaieleza.

Kule juu kijijini ninayo ngazi moja ya shamba lililochongwa mlimani, chini ya mfereji, na zamu yangu ya maji ya kumwagilia. Mdogo wangu Casimiro amewaambia watu miaka yote kwamba zamu ile niliiuza kwa kampuni ya mgodi, na ndiyo maana hatujasalimiana tangu tulipomzika mama. Sikuuza. Walikuja watu wao hapa mlangoni, wakataja bei, nikawapa chai wakaondoka mikono mitupu, lakini Casimiro alikuwa ameliona gari lao, na nilipomweleza alinipa kisogo. Mwambieni aende kwa mgawa maji akaulize jina lililopo daftarini ni la nani. Ngazi ile na maji yake namwachia Danitza.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niwaite. Mimi sikuzaliwa kuwa mtu wa mgodi. Nilikuwa najifunza useremala kwa mzee Anza, tukitengeneza milango kwa mbao ya mdungusi, ile yenye matundu matundu, na mlango wa sakristia ya kanisa kule kijijini ni mkono wangu. Nilikuwa nalala nikiwaza bawaba, naamka nikiwaza bawaba. Baba alipokufa nikashuka mgodini, nikamwambia mama ni kwa mwaka mmoja, ninunue vifaa vyangu nirudi. Mshahara wa kwanza ulikuwa mzuri, wanangu, siwadanganyi, tulikula nyama tukabakiza. Wa pili ukaniletea kitanda cha mkopo. Baada ya kitanda ikawa nyumba, baada ya nyumba ikawa gari, na kila peso ilikuwa na mwenyewe kabla sijaigusa. Nilikuwa napanda basi la kampuni alfajiri kama mtu anayepelekwa mahakamani, na nikishuka jioni nilimgeuzia mama yako mgongo nikalala, Nolfa. Alidhani nina mwanamke mwingine. Laiti ningekuwa na hata huyo wa kunifurahisha.

Siku moja nilimwendea msimamizi wetu, Orlando, nikamwambia naacha. Hakukasirika hata kidogo. Aliniuliza tu, "Saire, mkeo yuko wodini na mtoto njiti. Hospitali ile analipa nani?" Mtoto huyo ni wewe, Nolfa. Nilivaa kofia nikarudi shimoni, na ningerudi tena, kwa hiyo usikae ukajilaumu. Yeyote atakayewaambia pesa si kitu, muulizeni kama amewahi kusimama kwenye dirisha la hospitali mfuko ukiwa hauna kitu. Mshahara ule umekulea wewe, ukamsomesha huyu mpaka chuo kikuu kule Antofagasta. Mwishowe mapafu yakajaa vumbi, na daktari wa kampuni akaandika ni sigara. Mimi, ambaye sijawahi kuvuta hata moja.

Basi juzi niliwasikia jikoni. Mlidhani nimelala, lakini ukuta huu ni wa mbao. Danitza umesomea maji, na kijiji kimekuita ukasimamie mifereji na kufufua ngazi zilizokauka, kwa malipo kidogo na chumba nyuma ya shule. Mgodi nao umekuita ukawapimie visima vyao, kwa mshahara ambao mimi sikuuona hata katika ndoto. Nilikusikia ukisema, "Mama, bima ya kampuni itambeba babu. Pesa za mashine ile tutazitoa wapi?" Mama yako akakuuliza, "Na wewe je?" Ukajibu, "Mimi nitazoea."

Kwa hiyo nasema, kabla hujawapa jibu... Mbona mnatazamana? Danitza, nitazame mimi. Sema.

"Nimeshasaini, babu. Asubuhi ya leo. Mkataba ni wa miaka mitatu."

Nipeni maji. Hapana, acha, usilie, mtoto. Ngoja nivute pumzi.

Nilikuwa nimejiandaa kukuzuia, ndiyo maana sikukuachia tofali la mjini, na sasa sijui nayapeleka wapi maneno niliyoyapanga. Hasira sina. Umefanya nilichofanya mimi, kwa upendo uleule, na hilo ndilo linalonibana kifua kuliko vumbi. Kukuamuru uende kijijini nako ni kukufunga kamba nyingine, sitaki. Ila sikia. Mshahara peke yake haukunifungia mlango. Nilifungiwa na vile nilivyovinunua kwa mshahara ambao nilikuwa sijaupata. Benki watakupigia simu wiki hii hii, na sauti zao ni tamu. Usichukue gari la mkopo wao. Usichukue nyumba. Ishi kama vile unalipwa na kijiji, kinachobaki ukifiche, na siku zako za mapumziko panda juu, ukashike jembe kwenye ngazi yako, zamu ya maji isikupite ikapewa mtu mwingine. Na mimi nikiondoka, ile sababu ya bima nayo itakuwa imeondoka. Usikae ukatafuta nyingine. Mama yako ana wapangaji, hatakufa njaa. Nolfa, ukimwona anaanza kuzizoea pesa, mwambie. Usimwonee haya.

Kunizika, nizikeni juu, karibu na mama. Basi la kampuni lisinibebe, hata wakilitoa bure. Casimiro atangulie mbele ya jeneza, yeye ndiye atakayebaki mkubwa wetu. Mwageni chicha, ile pombe yetu ya mahindi, ardhini kwanza ndipo...

Sogea, Danitza. Mkono. Baridi, eh. Mungu akupe... akupe kazi utakayoichoka jioni na asubuhi uitamani. Akutoe humo mgodini mapema, ungali na meno yako. Nolfa, na wewe akupe... usingizi.

Ongeza hiyo mashine kidogo. Kidogo tu.

Basi. Nendeni mkale.