Mate ya Malkia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha Soli, fundi viatu, na asubuhi hiyo benchi lilikuwa na ulinzi mkali. Daktari wa mifugo alikuwa anakusanya mate ya mbwa wa mtaa, wataalamu wakayachunguze vinasaba, wajue kwa nini mbwa wa ukoo fulani wanapofuka wakiwa bado na nguvu zao. Ukoo wenyewe ndio wa Malkia, mbwa wa Soli. Mama yake alikufa kipofu, na kaka yake, yule wa muuza nyama, siku hizi anagonga milango kwa kichwa. Sharti lilikuwa moja tu: mbwa asile kitu nusu saa kabla ya kuchukuliwa mate. Basi Malkia kajilaza katikati ya miguu ya watu, na kila mtu kaapa kumlinda.

— Hayo mate hayaendi kwa wataalamu wowote, alianza Breki, fundi baiskeli, ambaye mdomo wake hauna breki hata kidogo. Wanataka kututengenezea Malkia wa pili!

— Wa nini? alidakia Mama Kahawa huku akimimina. Huyu mmoja tu katafuna viatu vya wateja wote.

— Siyo vyote, alijitetea Soli. Vya kushoto tu.

Karani Mstaafu akakohoa. Huyo alikaa ofisini miaka thelathini, na kwake dunia nzima ni faili.

— Nyie hamjui kitu. Ndani ya mate kuna faili. Wakilifungua wanamwona baba, babu, mpaka yule mbwa wa kwanza kufugwa.

— Mungu wangu! alishtuka Mama Kahawa. Na yule baba yake aliyeruka ukuta usiku?

— Huyo yuko ukurasa wa kwanza. Na wakikuta babu alikuwa mbwa wa tajiri, Malkia anadai urithi. Shamba lile!

— Mbwa na shamba wapi na wapi? aliuliza Breki.

— Atahitaji msimamizi. Mimi nipo.

Benchi zima likaangua kicheko. Soli naye alicheka, lakini roho haikuwa hapo. Jibu ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Malkia akamtazama kwa yale macho yake ya kahawia, mazima kabisa, na mkono wa Soli ukashuka wenyewe na kipande cha mkate. Malkia alikidaka kabla hakijagusa vumbi. Mate yakiharibika, Soli alijiambia, hakuna jibu litakalokuja. Akarudi kugonga kisigino.

Hapo akafika dada mmoja na begi, msaidizi wa daktari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu! Karibu sana.

Akavaa glavu, akatoa kijiti chenye pamba.

— Mara ya mwisho kala saa ngapi?

Breki akaanza kukagua kucha zake. Karani akainua gazeti, limegeuka juu chini.

— Mimi... biskuti, alisema Breki. Nusu tu! Alinitazama vibaya.

— Breki, huna haya! alifoka Mama Kahawa.

— Na yale maziwa yako kwenye kisosi, mama? alirudisha Breki.

— Maziwa ni kinywaji!

— Na wewe, Karani? aligeuka Mama Kahawa.

— Yai. Halikuandikwa popote.

Walicheka mpaka dada naye akashika mbavu. Soli peke yake hakucheka.

— Mimi nimempa mkate. Sasa hivi, tena kusudi.

Kicheko kikakatika.

— Naogopa, jamani. Wakisema atapofuka, nitamtazamaje?

— Baba, majibu yatasaidia watoto wa ukoo huu, alisema dada taratibu. Na yeye, tukijua mapema, tutamzoesha mapema kuishi bila macho.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Soli, akipofuka atakaa wapi?

— Si hapa hapa.

— Na sisi kuna anayehama?

— Nani ahame?

— Basi hofu ya nini? Miguu yetu yote anaijua kwa harufu. Ya Breki hata mimi naijua.

Soli akacheka, cheko la kweli, huku akijifuta macho kwa aproni yenye gundi.

— Dada, tukianza nusu saa upya, utatusubiri?

— Nitasubiri. Ila mikono yote magotini, niione.

Wakakaa wamejipanga, mikono magotini, Malkia akiwakagua mmoja mmoja. Kahawa iliisha dakika ya kumi na mbili, na hakuna aliyeinuka.